Gwaride kwenye Korido

Binti yangu alikuwa anakaribia miaka mitatu nilipoacha kumtazama usoni nikawa namtazama miguu. Nikirudi kutoka kazini ananikimbilia mpaka getini. Mtu mwingine angeona mtoto anacheka, mikono juu, anamkimbilia mama yake. Mimi nilikuwa naona vidole gumba viwili vinavyotazamana kama majirani wenye umbea wa kuambiana. Mguu wa kulia unaingia ndani, wa kushoto nao unaingia ndani, inakutana katikati ya uwanja, na mtoto huyo chini, puu! Anainuka, anajipangusa vumbi la mtaani kwetu Mkonze, anacheka, anakuja tena. Yeye hakuwa na tatizo lolote. Mwenye tatizo nilikuwa mimi.

Nilizaliwa Muheza, na kwetu mtu akiwa na jambo hanyamazi nalo. Ofisi yetu ilipohamia Dodoma nilihama nayo, nikaolewa huku huku na mwalimu wa hesabu ambaye kwao ni kijijini, wilaya ya Chemba. Mume wangu ni mtu wa taratibu mno. Mtoto akikohoa, "itapita." Mtoto akigoma kula, "njaa itamleta." Nilipomwonyesha ile miguu aliitazama kidogo, akasema, "Atakua tu." Nilitamani nimtupie mwiko.

"Atakua na miguu gani?" nikamuuliza.

"Hiyo hiyo aliyo nayo," akasema, akaendelea kusahihisha madaftari.

Ningeweza kusubiri, haki ya Mungu ningeweza, kama si jirani yangu mmoja. Ni mwanamke mwema, lakini mdomo wake hauna breki. Alimwona mtoto anakimbia, akashika kiuno. "Mama, huyu wasipomuwahi watamfunga vyuma," akasema, akaenda zake kununua nyanya. Mimi nikabaki nimesimama pale kama nguzo ya umeme. Darasa la kwanza nilisoma na msichana aliyevaa vyuma miguuni, na katika shule nzima hakuna aliyemwita kwa jina lake. Tulimwita Vyuma. Mwalimu naye, siku moja, ulimi ukamteleza akamwita hivyo hivyo. Tangu siku ya yule jirani, kila nikifumba macho namwona mwanangu anaingia darasa la kwanza na watoto wanageuka kumtazama. Hicho ndicho nilichokuwa nakiogopa, wala sikukizungushia maneno. Nilimwambia mume wangu tunakwenda hospitali, apende asipende, na akiomba kusubiri nitakwenda peke yangu. Akasema basi twende, ila tusigombane.

Siku hizo mama mkwe wangu alikuwa kwetu. Huja kila baada ya mavuno, na kigunia cha uwele, mlenda mkavu na habari za kijiji kizima. Ni mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye magauni yanayofagia sakafu. Kiswahili anakijua vizuri, ila akifurahi sana au akikasirika sana anarudi kwenye lugha ya kwao, ile yenye sauti za kugonga ulimi kinywani. Mimi miaka yote hii sijaweza kuigonga hata moja ikatoka sawa. Mwanangu aliziweza kabla hajajua kusema "maji." Yeye na bibi yake wanaitana mke mwenza, wanagombania babu mchana kutwa, na wakikaa chini kula pamoja huwezi kujua nani mtoto.

Jambo moja lilinishangaza. Kuhusu miguu ya mtoto, mama mkwe hakusema kitu. Bibi anayejua dawa ya chango, ya jicho, ya mtoto anayelia usiku, kwenye miguu alikaa kimya. Nilipomwambia tumepata siku ya kumwona daktari wa mifupa ya watoto, aliuliza kitu kimoja tu.

"Atamtazama akitembea?"

"Ndiyo mama. Ndiyo kazi yake."

"Haya. Na mimi nakwenda."

Kuanzia hapo kila nikirudi kutoka ofisini nawakuta nyuma ya nyumba, yeye na mke mwenza wake. Nikitokea kwenye kona wananyamaza. Bibi anajifanya anafagia, mtoto anaziba mdomo kwa viganja viwili. "Mnafanya nini?" "Tunacheza, mwanangu. Tunacheza tu." Nikasema moyoni, jamani, Mungu ampe maisha marefu, angalau mtoto ana mtu wa kucheza naye mimi nikiwa kazini.

Asubuhi ya hospitali tulimvalisha mtoto kama anakwenda kuolewa. Gauni la Idi lenye tabaka tatu za wavu, soksi nyeupe mpaka magotini, viatu vyeusi vya kung'aa vilivyokuwa bado vinambana kidogo. Bibi yake alimpaka mafuta miguuni mpaka nzi angeteleza. Baba yake alipouliza kama si vizuri avae kitu chepesi, tulimgeukia wote wawili, mimi na mama yake, akarudi ndani kutafuta funguo za nyumba.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi, mdogo kwangu kwa umri, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba. Kabla ya kutuambia tukae alimpigia mama mkwe goti kidogo. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu, hujambo?" Nikaona mabega ya mama mkwe yameshuka kidogo. Nikaeleza mimi, maana nani mwingine angeeleza. Nikasema miguu inaingia ndani, yote miwili, anaanguka, akikimbia ndiyo balaa. Nikaonyesha kwa mikono. Nikataka kuonyesha na kwa miguu, mume wangu akanivuta nguo.

"Sawa mama," daktari akasema. "Hebu atembee mpaka ukutani, arudi."

Weee! Mwanangu alisimama katikati ya chumba, akanyoosha mgongo, akainua kidevu. Akaondoka kwa hatua za askari siku ya sherehe, mguu huu nje, mguu ule nje, vidole vinatazama pembe mbili za dunia. Kila hatua anagonga ulimi, ta! na neno, ta! na neno. Akafika ukutani, akageuka kwa kisigino, akarudi vile vile, akasimama mbele ya daktari na kuganda kama anasubiri cheo.

Daktari akanitazama. "Mama, umesema inaingia ndani?"

"Inaingia!" nikasema. "Daktari, naapa! Huyu si mtoto wangu, sijui nani amemwazima hii miguu!"

"Na anasema nini anapotembea?"

Mume wangu alikuwa ameng'ata mdomo wa chini. Mabega yanamtetemeka. "Ni lugha ya kwetu," akasema alipoweza. "Anasema, toa nje, toa nje, geuka."

Tukageuka wote kumtazama mama mkwe. Yeye alikuwa anatazama pangaboi. Alilitazama kwa makini sana, na lilikuwa hata halizunguki.

"Mama," nikasema.

"Nini?" akasema. "Mtoto hapelekwi mbele za watu akiwa hovyo. Wewe mgeni akija kwako hufagii uwanja? Nimefagia."

Yule daktari alicheka mpaka akavua miwani kujifuta macho. Mimi nilikuwa nimepandisha hasira mpaka kooni, tumeomba ruhusa kazini, tumetoka asubuhi, halafu mtoto anakuja kupiga gwaride! Lakini daktari anacheka, mume wangu anacheka, na mtoto, kwa kuwa bado hakuna aliyemwambia pumzika, amesimama pale amejikaza kifua mbele. Hasira ikanitoka puani kwa kicheko.

"Bibi, umemfundisha vizuri sana," daktari akasema. "Ila mimi nataka uwanja ambao haujafagiwa. Kila wiki nawapata watoto walionyooshwa nyumbani. Wengine wananyooshewa hapo nje kwenye foleni." Kisha akamwinamia mtoto, akasema kwa sauti kubwa, "Tumemaliza! Kazi nzuri. Mama, mvue viatu na soksi, na hilo gauni mfunge juu kiunoni, akacheze mpira hapo nje wakati sisi wakubwa tunaongea."

Mpira ulikuwepo kweli, mkubwa, wa njano, kwenye kikapu karibu na mlango. Daktari akausukuma kwa mguu ukatoka kwenye korido. Akavuta kigoda chake mpaka mlangoni, akaanza kumuuliza mume wangu habari za zabibu, kama msimu ni mzuri, kama bei iko vipi. Mume wangu hajawahi kulima zabibu maishani mwake, akawa anajibu. Nilikuwa tayari kuuliza tumekuja kwa ajili ya zabibu au nini, ndipo nikaona macho ya daktari. Mdomo ulikuwa kwenye zabibu, macho yalikuwa kwenye korido.

Mtoto alisahau. Mpira ulimkimbia, naye akaukimbilia, na mara vidole gumba vikaanza kuitana. Magoti nayo yakageukia ndani, nyayo zikarushwa pembeni kila anapoinua mguu, akafika karibu na benchi la watu, akajikwaa mguu wake mwenyewe, puu!

"Ndiyo hiyo!" nikapiga kelele, nikaruka kutoka kwenye kiti. "Ndiyo hiyo, umeona? Umeona!" Foleni nzima ikanigeukia. Nani amemwona mama anashangilia mtoto wake kuanguka hospitalini? Lakini nilishangilia, na sikujali.

"Nimeona," daktari akasema. "Nimeona na magoti. Hayo magoti ndiyo yanayonieleza."

Baada ya hapo kazi ilikuwa ya sakafuni. Alitandika mkeka, akakaa chini na mtoto, viatu vyake mwenyewe kavua. Alimwacha akae anavyotaka, naye akakaa kama akaavyo nyumbani, makalio katikati, miguu imetawanyika nyuma huku na huku kama chura. Daktari akaitikia kwa kichwa taratibu. Akamwambia ainuke aokote biskuti juu ya kiti, akatazama kama anajisukuma mapajani kwa mikono ili asimame. Hakujisukuma, alichomoka. Akamlaza kifudifudi, akamkunja magoti nyayo zikatazama dari, akaiachia miguu ianguke nje, huku na huku. Ilianguka mpaka karibu na mkeka. Alipoizungusha kwenda upande wa pili ilikwenda kidogo tu ikagoma. Akatazama unyayo umenyooka vipi na paja. Akapitisha kidole kwenye uti wa mgongo chini mpaka kiunoni. Akagonga magoti kwa kinyundo cha mpira, na mtoto alipoona mguu umeruka wenyewe aliomba agongwe tena.

Maswali nayo yalikuwa mengi. Alizaliwa muda umetimia? Alilia? Alikaa lini, alisimama lini? Kuna kitu alikuwa anakiweza sasa hakiwezi? Analalamika maumivu? Miguu yote ni sawa, au mmoja umezidi? Nilijibu yote na ziada juu yake. Kisha akachukua futi kamba, akapima mguu wa kulia kutoka nyongani mpaka kifundoni. Akapima wa kushoto. Akarudia wa kushoto.

Sikusikia tena watoto wa nje. Niliona vyuma, niliona mlango wa darasa, niliona vichwa vinavyogeuka. Nikamshika mume wangu mkono, na mkono wake, wa yule bwana wa atakua tu, ulikuwa umelowa jasho. Kumbe naye! Miezi yote ile nilidhani naogopa peke yangu.

"Alijikunja kidogo mara ya kwanza," daktari akasema. "Ni sawasawa, yote miwili." Akakunja futi kamba. "Sasa niambieni. Kwenye ukoo kuna mtu anayetembea hivi?"

"Kwetu hakuna," nikasema. "Kwetu sote tunatembea kama mabata, vidole nje."

"Na kwetu hakuna," mume wangu akasema.

"Yupo," ikasema sauti kutoka kwenye kiti cha kona. "Mimi."

Mume wangu alimgeukia mama yake. Mama mkwe alikuwa ameshika pindo za kanga yake kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimwona anaogopa.

"Bibi," daktari akasema polepole, "unaweza kunionyesha?"

Nilidhani atakataa. Aliguna, "Mh." Halafu akainuka, akajifunga kanga kiunoni kwa nguvu kama mtu anayekwenda kutwanga, akavua kandambili, akapandisha lile gauni refu mpaka katikati ya miundi. Akatoka kwenye korido. Akatembea.

Jamani! Ilikuwa ni yeye yule, mwanangu, aliyerefushwa na kukaushwa na jua. Magoti ndani, vidole gumba vinatazamana, nyayo zinarushwa pembeni. Watu wa foleni walivuta miguu yao kumpisha. Alitembea bila kumtazama mtu, kichwa juu, mpaka mwisho wa korido.

Mtoto akaacha mpira. Alimtazama bibi yake, akakunja uso kama mwalimu mkali, akamkimbilia nyuma huku anagonga ulimi. Ta! Ta! Hapo hata mimi nisiyejua lugha nilielewa. Anamwambia toa nje! Toa nje! Geuka!

Bibi akasimama. Akageuka, akaweka mkono kiunoni. "Ala! Mke mwenza, unanipangia mimi?"

Korido yote iliangua kicheko. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akapiga kigelegele, mwingine akadakia. Mama mkwe alijizuia, akajizuia, akashindwa, akacheka mpaka akashika ukuta. Akamshika mtoto mkono wakarudi pamoja, miguu minne, yote inaingia ndani, mdogo anajikwaa, mkubwa anamvuta juu, na mimi machozi yananitiririka sijui ya nini, ya furaha tu.

"Kwa hiyo nimempa mimi," mama mkwe akasema alipofika mlangoni. Sasa hakuwa anacheka.

"Kuna watoto wengi wanatembea hivi na hakuna bibi yeyote wa kusingiziwa," daktari akasema. "Mfupa wa paja umejipinda kwa ndani kidogo, ndiyo maana goti linageuka na mguu unalifuata. Mara nyingi unajinyoosha wenyewe mtoto anavyokua, polepole, kwa miaka. Wachache wanabaki hivyo. Wewe ulibaki. Inauma?"

"Hii? Haijawahi."

"Umefanya nini nayo maishani?"

Mama mkwe akamshangaa kwa swali la kitoto namna hiyo. "Nimelima. Nimechota maji. Nimekwenda mnadani na kurudi na mzigo kichwani. Nimecheza ngoma. Nimemkimbiza huyu hapa na fimbo, na nilimkamata." Akamnyooshea kidole mwanawe.

"Alinikamata," mume wangu akasema.

"Na vyuma je?" nikauliza. Sauti ilitoka ndogo, hata mimi sikuitambua.

"Vyuma vya nini, mama? Hapana vyuma, hapana viatu maalumu, hivyo havisaidii. Acheze, akimbie, aanguke. Nitamwona tena baada ya miezi kadhaa. Mkiona mguu mmoja umezidi mwenzake, au unauma, au anachechemea, au anazidi kuwa mbaya, msingoje tarehe, mleteni. Na bibi," akamgeukia, "gwaride basi."

Nilimkumbatia yule daktari. Alikuwa mfupi kiasi kwamba miwani yake ilinasa kwenye kifungo cha nguo yangu, tukahangaika kunasuana huku mume wangu anaomba radhi.

Tulirudi nyumbani na bajaji. Jirani alikuwa kibarazani, nikampigia kelele kabla sijashuka, "Hakuna vyuma!" Akapiga makofi, Mungu ambariki, kana kwamba si yeye aliyenitia hofu. Mtoto tulimvua lile gauni la wavu, akaingia uwanjani na chupi tu, akakimbia na kuanguka jioni nzima, na kila akianguka mimi nacheka. Sikumbuki jioni nyingine niliyopika kwa furaha kama ile.

Mama mkwe alikaa mlangoni pa jiko anachambua mlenda mbichi. Mume wangu akaja akakaa chini karibu naye, kwenye sakafu, hivi hivi na suruali yake ya kazini.

"Mama, mbona hukuwahi kuniambia?"

"Nikwambie nini?" Alitoa shina moja akalitupa. "Nilipoolewa, wakubwa wa baba yako walisema mwanamke wa miguu hii atazaa viwete. Walisema nikiwa nimesimama hapo hapo. Basi nikashona magauni marefu. Kila nilipozaa, wengine wanauliza wa kike au wa kiume, mimi nasema nionyesheni miguu. Yenu ilitoka mizuri yote, alhamdulillahi. Nikajua nimepona. Halafu akaja huyu." Akamtazama mke mwenza wake kule uwanjani. "Nikasema sasa watamuuliza daktari, na daktari atasema ni mimi."

"Mimi ningekulaumu?"

"Sijui. Na wewe, mbona hukuwahi kuniuliza? Umekua unaniona natembea kila siku ya Mungu."

Mume wangu alifikiri. Ni mtu wa hesabu, akiulizwa swali analifikiria kweli.

"Sikuona miguu," akasema. "Nilikuwa naona mama anakuja."

Mama mkwe akacheka. Halafu akalia, waziwazi, kanga usoni. Halafu akamwambia aache kukaa hapo kama gogo, amsogezee sufuria.